Stoo: Chumba Kinachosahauliwa Katika Ramani

Ukipita siku hizi katika mitaa mipya ya Kibaha, kuanzia Maili Moja hadi Kongowe, ukaiacha Barabara ya Morogoro na kuingia ndani kidogo, utaona jinsi watu wanavyojenga. Hapa msingi umeinuka, pale ukuta umefika kwenye linta, kule mafundi wako juu wanapiga bati. Mwombe mwenye nyumba akuonyeshe ramani yake, naye atakuonyesha kwa fahari: sebule pana, chumba cha wazazi chenye choo chake, vyumba viwili vya watoto, mahali pa kulia chakula, jiko. Kisha muulize gunia la mahindi litakaa wapi. Aghalabu atasita. Halafu ataweka kidole juu ya kijichumba kilichobanwa kati ya jiko na choo, kisichokuwa na dirisha, na kusema kwamba hiyo ndiyo stoo.

Makala haya yanahusu kijichumba hicho. Huenda ukaona kwamba si jambo la kuandikiwa makala nzima, kwa kuwa hakuna mgeni anayekaribishwa stoo. Lakini fikiri kidogo. Sebule hukaliwa na wageni mara chache kwa mwezi, ilhali chakula cha watoto wako hukaa stoo usiku na mchana, mwaka mzima. Tena chakula kikiharibika, hasara yake haiishii mfukoni, kama tutakavyoona.

NYUMBA YA BIBI

Kabla hatujamlaumu mchoraji wa ramani, tupande kwanza vilima vya Pugu twende Kisarawe. Nyumba ambamo nililelewa na bibi yangu, upande wa Maneromango, ilikuwa nyumba ya miti na udongo, imeezekwa makuti, yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na uani nyuma. Haikuwa na chumba kilichoitwa stoo. Walakini kila kitu kilikuwa na mahali pake. Jikoni, juu ya mafiga, kulikuwa na uchaga wa fito, na juu ya uchaga mahindi yalipangwa yakiwa ndani ya maganda yake. Moto ukikokwa, moshi ulipanda, ukapenya katikati ya mahindi, ukatokea kwenye makuti. Joto lilikausha unyevu, na moshi uliwasumbua fukusi wasistarehe. Mbegu za msimu uliofuata zilitundikwa pale penye masizi mengi zaidi, nasi watoto tulijua kwamba hizo hazikuwa za kuguswa hata siku ya njaa. Kunde na njugu zilitiwa katika mitungi iliyofunikwa na kuzibwa. Nazi zilirundikwa uani zikiwa na makumbi yake. Kitoweo kilichosalia jioni kilining'inia katika susu, paka na panya wakakitazama kwa macho tu. Na maji yalikaa ndani ya mtungi, pembeni pa ukumbi ambako jua halikufika, kata ikiwa juu ya kifuniko.

Naomba nieleweke. Sisemi turudi kwenye makuti. Nyumba ile ilivuja kila masika, na macho ya bibi yaliwashwa na kutoka machozi kwa moshi uleule uliolinda mahindi yake. Ninalosema ni kwamba nyumba ile ilijengwa na watu waliojua chakula chao kinahitaji nini. Meko yalikuwa na kazi mbili: kupika chakula cha leo na kutunza chakula cha kesho. Tulipohamia kwenye matofali ya saruji na bati, moto tukauhamishia kwenye jiko la mkaa, na sasa tunaingiza gesi. Hilo ni jema. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, nami ni mmoja wa wanaoshangilia. Lakini ile kazi ya pili ya moshi, je, nani ameichukua? Katika ramani nyingi nilizoziona, hakuna aliyeichukua.

MAGUNIA MAWILI

Mimi mwenyewe sina haki ya kumcheka mtu. Nilipoanza kujenga Kibaha nilinunua ramani iliyokwisha kuchorwa, kwa kuwa ilikuwa nafuu na picha yake ya mbele ilipendeza. Stoo ilikuwa na upana wa mita moja na urefu wa mita moja na nusu, na ukuta wake mmoja ulikuwa ndio ukuta wa bafu. Nilimwuliza fundi kama hakutakuwa na unyevu. Akanijibu, "Dada, stoo ni mahali pa kufungia tu." Nami nikanyamaza, maana akili yangu yote wakati ule ilikuwa kwenye vigae vya sebuleni.

Mwezi wa Februari ndugu zangu wa Kisarawe wakaniletea magunia mawili ya mahindi ya vuli. Tuliyasimamisha juu ya sakafu ya saruji, yakaegemea ukuta, mlango tukaufunga. Masika ikaingia Machi. Nilikuwa nikichota kwa juu, na kwa juu mahindi yalikuwa mazuri. Mwezi wa Mei nilipofika katikati ya gunia la kwanza nikasikia harufu ya uvundo. Tulipoliinua, chini lilikuwa limelowa na mahindi yameshikamana mabonge yenye kuvu ya kijani. Gunia la pili lilikuwa na vumbi jeupe kama unga, na punje zilizotobolewa.

Wazo langu la kwanza, na huenda lingekuwa lako pia, lilikuwa kuchambua: yaliyo safi tuyaoshe, tuyaanike, tuyasage, yaliyoharibika wapewe kuku. Nashukuru kwamba nilimwuliza afisa ugani kabla sijafanya hivyo.

Katika kuvu wanaoota juu ya mahindi na karanga wamo wale wanaotoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo haina ladha wala harufu, na kuipika hakuiondoi. Ugali uliotokota vizuri huwa nayo vilevile. Huharibu ini. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliokula mahindi yenye sumukuvu waliugua kwa wingi, na wapatao 20 wakafariki, wengi wao watoto. Ukimlisha ng'ombe nafaka hizo, sumu hukurudia kupitia maziwa. Ndiyo maana mahindi yangu yale nilichimba shimo nikayafukia, huku jirani akinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Iliniuma sana. Kulikuwa na jasho la watu wa Maneromango ndani ya shimo lile.

Lile vumbi jeupe la gunia la pili lina jina lake: dumuzi. Mdudu huyu ni mdogo, mweusi wa kahawia, mrefu kidogo kuliko punje ya mtama. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, naye aligunduliwa nchini mwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Tabora, ambako wakulima walimpa jina la Scania, kwa kumfananisha na lori. Tofauti yake na fukusi ni kwamba yeye hatosheki na mahindi. Hula makopa ya muhogo, na mkulima wa Kisarawe anajua maana ya hilo. Hutoboa hata mbao na fito. Kwa hiyo uchaga wa bibi, ambao uliwaweza fukusi kwa miaka mingi, kwake yeye ni sehemu ya chakula. Aidha, hustawi zaidi mahindi yakiwa bado kwenye magunzi kuliko yakiwa yamepukuchuliwa. Hapa basi lazima tukubali kwamba hekima ya zamani peke yake haitoshi: yafaa mahindi yakaushwe, yapukuchuliwe, yapepetwe, kisha yahifadhiwe yakiwa punje.

PIMA CHAKULA KWANZA

Ukitaka stoo ya kufaa, usianze na nafasi iliyobaki baada ya vyumba vingine. Anza na chakula. Tuseme familia yako ni ya watu sita, na mnatumia kilo mbili za unga au mchele kwa siku. Ukitaka kuwa na akiba ya miezi minne, hizo ni kilo 240, yaani magunia mawili na nusu. Weka matatu. Gunia la kilo mia likilazwa huchukua nafasi ya kama sentimita 60 kwa mita moja. Matatu yakilazwa bega kwa bega yanataka karibu mita mbili za ukuta. Ongeza nafasi ya kupita nyuma yake, rafu za ukuta mfupi, na mahali pa mtu kusimama na ungo wake, utaona kwamba chumba cha mita mbili kwa mbili na nusu si anasa. Nafasi hiyo utaipata ukipunguza sebule kidogo tu, na makochi hayatalalamika.

Kisha tazama upande. Kibaha na Kisarawe ziko karibu nyuzi saba kusini mwa Ikweta. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta wa kusini huwa kivulini kwa sehemu kubwa ya mwaka. Tena ni upande huohuo wa kusini unaopokea upepo wa kusi. Stoo iwekwe kusini au mashariki, kamwe isiwe magharibi ambako ukuta huchomwa na jua la alasiri hadi usiku ukaendelea kutoa joto. Paa lichomoze vya kutosha ili mvua ya masika isipige ukuta. Wengi huchagua upande kwa kutazama barabara iko wapi, wakaipa sebule ubavu wa upepo na stoo ubavu wa jua.

Sakafu ndiyo iliyoniponza mimi. Saruji huonekana kavu, lakini hunyonya unyevu wa ardhi kama kitambaa. Kabla ya kumwaga zege mwambie fundi atandike karatasi nzito ya nailoni juu ya kifusi kilichoshindiliwa. Hata hivyo gunia lisikae sakafuni. Tengeneza chaga za mbao zilizoinuka shubiri moja, na kati ya gunia na ukuta acha shubiri moja na nusu, upate kufagia na kuona panya anapoanza uchimbaji wake. Ukuta wa stoo usishirikiane na bafu wala choo, wala bomba la maji lisipite ndani yake.

Hewa iingie kwa chini na kutoka kwa juu. Matofali mawili ya matundu karibu na sakafu upande mmoja, na mengine mawili chini ya dari upande wa pili, yanatosha kuliko dirisha kubwa. Yote yazibwe kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, maana wavu wa nailoni panya huutafuna. Dari ni lazima. Bati tupu huugeuza mchana wa Januari kuwa tanuri, na alfajiri ya Juni hutoa jasho linalodondokea magunia. Mlango ubane vizuri chini, na ukipigiliwa ukanda wa bati huko chini panya hupata kazi ngumu. Rafu ziwe za kina cha shubiri moja na nusu tu. Rafu yenye kina kirefu huficha vitu nyuma, nawe utanunua chumvi ya nne huku tatu zikiwa zimejificha.

Lakini hata stoo ya mfalme haiokoi mahindi mabichi. Nafaka iingie humo ikiwa na unyevu usiozidi asilimia 13 hivi. Usipokuwa na kipimo, chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, jaza mahindi hadi theluthi ya chupa, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha acha itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Isiponata, unyevu uko chini ya asilimia 15. Anika siku moja au mbili zaidi ndipo uhifadhi, na uanike juu ya turubai au jamvi, si juu ya udongo.

Mahindi yakishakauka unaweza kutumia ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, miwili ya nailoni ndani na mmoja mgumu nje. Ilibuniwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani katika miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde za Cameroon, na sasa inauzwa hapa nchini. Wadudu waliomo huitumia hewa yote kisha hufa, bila dawa. Sharti lake ni kufunga kila tabaka barabara na kutofungua ovyo ovyo, ndiyo maana gunia la kutumia kila siku liwe tofauti na la akiba. Ukitumia dawa ya unga, iwe ile iliyoandikwa kwamba ni ya nafaka za kuliwa, kwa kipimo chake. Ama vidonge vya kufukizia, hivyo visiingie kabisa katika nyumba wanamolala watu. Gesi yake huua watu kama inavyoua wadudu.

VITU VISIVYOPATANA

Kosa jingine tunalolifanya ni kuifanya stoo kuwa jalala la kila kisichokuwa na mahali. Utakuta unga, na juu yake kopo la rangi. Mchele, na kando yake dumu la mafuta ya taa. Dawa ya kunyunyizia mikorosho imeegemea chupa ya mafuta ya kula. Mtoto hajui kusoma maandishi ya chupa. Vitu hivyo vitengewe kibanda au kabati la nje lenye kufuli. Mkaa nao ukae nje, pakavu. Na mtungi wa gesi usifungiwe stoo hata kidogo: gesi yake ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa na kujikusanya chini, ikingoja cheche. Uuweke nje, umesimama, mahali penye hewa, mpira wake upite ukutani kwenda jikoni.

Kwa hiyo mchoraji akishamaliza stoo ya chakula, mwambie akuchoree na uani. Najua ramani za kisasa zinaudharau, zinaweka nyuma ya nyumba mlango mmoja na ukuta. Lakini kazi za nyumbani hazikukoma kwa sababu tumeezeka bati la rangi. Bado tunafua, tunaanika, tunatwanga, tunaosha sufuria zenye masizi. Panataka ubaraza wenye paa, karo la kufulia lenye mfereji wa kupeleka maji kwenye migomba, kichanja cha vyombo juani, na tanki la maji kivulini. Mji wa Kisarawe ulipata maji ya Ruvu mwaka 2020 kwa bomba litokalo Kibamba, na ilikuwa furaha kubwa kwa akina mama. Hata hivyo bomba hukatika, na siku hiyo utafurahi kwamba hukuuza pipa lako.

Kibaha yapaswa kulielewa somo hili kuliko miji mingine. Mradi wa Nchi za Nordic ulioanza hapa mwaka 1963, na ambao ulikabidhiwa kwa Serikali mwaka 1970 ukawa Shirika la Elimu Kibaha, ulijenga pamoja shule, kituo cha afya na chuo cha wakulima. Waliopanga waliona kwamba shamba, tumbo na kitabu havitenganishwi. Sisi tunaojenga pembeni mwa shirika hilo tumevitenganisha kwa ukuta wa tofali la inchi sita.

Pengine nyumba yako imekwisha kujengwa, kama yangu. Usikate tamaa. Unaweza kuanza na chaga na wavu, ambavyo fundi seremala atakumalizia kwa siku moja. Unaweza pia kubadilisha matumizi: kile kijichumba cha karibu na bafu kikawa cha mifagio na ndoo, na pembe ya kusini ya mahali pa kulia chakula ikakatwa kwa ukuta mwepesi ikawa stoo. Ndivyo nilivyofanya. Bibi alipokuja kuikagua aliingia, akainua macho darini, akauliza, "Mjukuu wangu, moshi wake utapita wapi?" Nikamweleza habari za mifuko ya tabaka tatu. Akaubonyeza mmoja kwa kidole, akanusa kidole chake, akaniambia kwamba atarudi baada ya masika kuhakikisha.

Jambo moja tu nalikosea hadi leo. Ili kupunguza gharama nilitumia fremu ya mlango wa stoo ya zamani, yenye upana wa sentimita 60. Mtu aliyejitwika gunia hapiti hapo. Kila linapoletwa tunalifungulia sebuleni, juu ya vile vigae, na kuhamisha mahindi kwa ndoo. Wewe mwambie fundi aache sentimita 90.